Acheni kuwauzia vijana wa Lubumbashi vyeti vya "kuchomelea kwenye mafuta"

Wandugu, leo nimechoka, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna watu hapa mjini wanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na picha ya mtambo wa mafuta katikati ya bahari. Fundi wa kuchomelea, dola 10,000 kwa mwezi, lipa mafunzo ya wiki mbili, pata cheti cha "6G cha kimataifa", safari tutapanga sisi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tunayefanya naye kazi Katuba, ameuza posti yake, mashine ya kuchomelea, ili alipe. Fundi anauza chombo cha kazi anunue karatasi ya kazi!

Hiyo karatasi nimeishika. Imepigwa plastiki, ina mihuri na picha ya tai. Haina kipenyo cha bomba alilochomelea. Haina unene wa chuma, haina aina ya bageti, ule ufito wa kuchomelea, haisemi kama mzizi, yaani mshono wa kwanza wa ndani, aliupiga kwa TIG (njia ya umeme na gesi) au kwa bageti. Aliyesimamia mtihani hana jina. Na hayo ndiyo yanayotakiwa kuandikwa, kwa sababu mtihani unakupa ruhusa ndani ya mipaka hiyo tu. Kwenye 6G bomba linafungwa limeinama nyuzi 45 na huruhusiwi kuligeuza. Unalizunguka wewe, toka tumboni, ubavuni, mpaka juu. Wakimaliza wanakata vipande wanavikunja, au wanapiga eksirei. Mzizi haukupenya, umeanguka. Dogo hajawahi kufungiwa bomba hivyo hata mara moja. Amechomelea bamba mezani, kama geti la mteja wetu yeyote, kwa bageti zilezile za 6013.

Tena hata ukifaulu kweli, kwa kanuni ya ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, sehemu ya IX, ukikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia ile, ruhusa imekufa. Na kampuni ikikuchukua itakupima yenyewe, hata uje na makaratasi ya kujaza begi. Sasa huyu anayeuza "cheti cha maisha" anauza nini?

Twende kwenye hela. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani inasema mshahara wa kati wa mafundi wa kuchomelea kule, mwaka 2024, ulikuwa dola 51,000. Kwa mwaka, siyo kwa miezi mitano! Wale mafundi wa mabomba ya mafuta wa Texas wanaopata zaidi ya hapo wapo, sikatai. Lakini wengi wao gari ni lao, mashine iliyo nyuma ya gari ni yao, mafuta na bima ni juu yao, na kazi ya bomba ikiisha wanakaa nyumbani. Aprili 2020 bei ya mafuta Marekani ilishuka chini ya sifuri. Hiyo hawaiweki kwenye tangazo.

Karibu yetu je? Mafuta ya Kongo yanachimbwa Muanda, upande wa pili wa nchi, na siyo mengi. Zabuni ya vitalu 27 vya mafuta iliyofunguliwa 2022 ilifutwa 2024. Bomba la mafuta la Hoima, Uganda, mpaka Tanga, Tanzania, ni kilomita 1,443, kazi kubwa kabisa, lakini sheria za kule zinataka Waganda na Watanzania kwanza. Nasi tungefanya vilevile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mabomba tunayo hapahapa. Viwanda vya shaba na kobalti, Likasi mpaka Kolwezi, vimejaa mabomba ya asidi na matangi ya chuma kisichoshika kutu. Hiyo ni TIG safi. Lakini sisi tunaitwa kwa siku, kupitia kampuni za kukodisha watu, mgeni ashike TIG, wewe ushike grenda umsafishie. Sheria ya Februari 2017 inasema kazi za kupewa kampuni ndogo ni za Wakongomani. Sawa, bosi kwenye makaratasi ni Mkongomani. Mshahara unapofika kwa fundi umeshapita mikono mingapi? Na moshi unaumeza wewe. Tangu 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka kwenye orodha ya vinavyoleta saratani. Yale maziwa tunayokunywa jioni hayasafishi mapafu, tusidanganyane.

Wewe mwenye mafunzo ya wiki mbili, najua upo humu. Taja kampuni moja ya mafuta iliyopokea karatasi yako, na unene wa bomba waliompimia kijana wako.

Na mayaya, kaka zetu wakubwa, mliofanya Muanda au Soyo kule Angola, tuambieni bila kupamba: mlilipwa kwa siku au kwa mwezi? Siku za kurudi nchi kavu kupumzika, zinalipwa au hapana? Tiketi ya ndege alilipa nani?