Upandikizaji wa nywele ulioharibika: nani anaweza kuurekebisha bila kunimaliza kisogo?

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 37, ni dereva wa watalii, na ninaomba ushauri wa watu waliopitia jambo hili au wanaolifahamu kitaalamu. Miezi 16 iliyopita nilipanda ndege KIA kwenda Istanbul kupandikizwa nywele, kwa sababu upara ulikuwa umeanza kwenye panja na kuelekea utosini kama ulivyomwanza baba yangu na ndugu zake wote. Niliahidiwa vipandikizi 4,000, yaani vishungi vidogo vya nywele vinavyotolewa kisogoni, kwa siku moja, na bei ilijumuisha hoteli na gari la kunipokea. Mtu niliyewasiliana naye kwa WhatsApp kwa wiki 6 alijiita mshauri wa wagonjwa, na sikujua mpaka nilipofika kwamba kazi yake ilikuwa kuuza. Daktari mwenyewe nilimwona kwa muda usiozidi dakika 10: alinichorea mstari kwenye paji la uso kwa kalamu ya wino, akaondoka, na kazi yote ya kutoboa na kupanda ikafanywa na vijana watatu waliokuwa wakipokezana kwenda kula.

Mstari wa mbele umenyooka kama uliopigwa rula na umeshuka mno, kiasi kwamba nikiinua nyusi nywele za mbele zinasogea pamoja na makunyanzi. Nywele zenyewe zimesimama wima, tatu au nne zikitoka kwenye tundu moja, na katikati kuna mabaka ambayo hayakuota kitu. Linaloniumiza zaidi ni kisogo, kwa sababu kimebaki kama shamba la mahindi lililopitiwa na ngedere. Sivui kofia mbele ya wageni, na hata nyumbani nimeanza kulala na kitambaa kichwani.

Sasa kliniki nyingine ya mji huohuo inaniambia kwamba itanitolea vipandikizi 3,000 zaidi na kufunika kila kitu, na wamenipa bei bila hata kuomba picha ya kisogo changu. Je, uharibifu wa namna hii unarekebishika? Na mtu aliyekwishadanganywa mara moja atamtambuaje daktari anayestahili kuaminiwa?

Kinyozi wa Soweto (Moshi)

Pole sana, kaka. Mimi si daktari, lakini nimenyoa vichwa kwa miaka 14 na katika miaka ya karibuni nimeanza kuona visogo vyenye nukta nyeupe za aina hiyo, ambazo hazionekani mpaka mashine ishuke chini ya namba 2. Kabla ya kumtumia mtu yeyote picha, nenda kwa kinyozi mwenye mkono mwepesi apunguze nywele zote kwa namba moja, kisha upigwe picha nje, kwenye mwanga wa asubuhi, pande zote nne na utosini. Picha za nywele ndefu zilizochanwa vizuri huficha ukweli, na daktari atakayekubali kupanga kazi kwa kutumia picha za namna hiyo atakuwa anakisia. Usikubali kunyolewa kwa wembe kisogoni, kwa sababu nywele zetu zilizojikunja hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele, na vipele hivyo vikigeuka makovu utakuwa umejiongezea tatizo jingine mahali palepale unapopategemea.

Tabibu wa Ngozi (Moshi)

Ndugu wa Njiro, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimefanya kazi katika magonjwa ya ngozi kwa miaka mingi, ingawa mimi mwenyewe sipandikizi nywele, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu uamuzi utakaoufanya sasa ni mzito kuliko ule wa kwanza.

Upandikizaji hauongezi nywele hata moja, bali unazihamisha. Nywele za kisogoni na za pembeni hazisikii sana ile homoni inayoua nywele za mbele na za utosini, na zikihamishwa huendelea na tabia ya mahali zilikotoka. Jambo hili lilielezwa na daktari Norman Orentreich wa New York mwaka 1959, na ndilo msingi wa kazi yote hii hadi leo. Maana yake ni kwamba kisogo ni akiba, na kila kinyweleo kilichotolewa hakioti tena. Wewe umekwishatoa 4,000, ikiwa idadi uliyoambiwa ni ya kweli. Mtu anayekuahidi 3,000 zaidi bila kuona akiba iliyobaki anakuahidi mali asiyoihesabu. Usiende.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi kabla ya kusafiri. Kinyweleo cha Mwafrika kimepinda hata chini ya ngozi, na kifaa cha kutobolea, ambacho kwa kawaida kina upana wa milimita 0.8 hadi 1, kimenyooka. Mtu asiyezoea nywele zetu akitoboa kwa kufuata mwelekeo anaouona juu, atakata mzizi ulioko chini, na kipandikizi kilichokatwa mzizi mara nyingi hakioti kule kinakopandwa. Kwa hiyo mabaka uliyonayo mbele na uharibifu wa kisogoni huenda vimetokana na kosa moja. Vipandikizi pia hufa vikikauka mezani, na hufa zaidi kadiri vinavyokaa nje ya mwili kwa saa nyingi. Ndiyo maana ahadi ya idadi kubwa kwa siku moja, kwa mikono inayopokezana, haipaswi kumfurahisha mgonjwa.

Kuhusu swali lako la kwanza, sehemu kubwa inaweza kuboreshwa, lakini kichwa hakitarudi kama kilivyokuwa kabla ya kuguswa. Vishungi vya nywele tatu au nne vilivyopandwa kwenye ukingo wa mbele vinaweza kutobolewa na kutolewa kimoja kimoja, vikagawanywa chini ya darubini na kupandwa upya nyuma kidogo, kwa hiyo havipotei. Ukingo wenyewe hupandwa nywele moja moja, bila kunyooka, zikilala kuelekea mbele kwa pembe ndogo ya nyuzi 15 hadi 20 hivi badala ya kusimama wima. Nywele zilizoshuka mno pajini zinaweza pia kuondolewa kwa leza, lakini kwa ngozi nyeusi ni lazima iwe leza ya mawimbi marefu, ile ya nanomita 1,064, kwa sababu nyingine huunguza rangi ya ngozi na kuacha madoa. Kama kisogo hakina cha kutoa, baadhi ya madaktari hutumia ndevu za chini ya kidevu kujazia katikati, kamwe si ukingoni, kwa kuwa ndevu ni nene na huonekana tofauti. Mabaka ya kisogoni hufichwa na wengine kwa nukta za rangi zinazochorwa kwa sindano. Mimi sina pingamizi nalo, ila makovu yawe yamekwisha kutulia.

Muda wako unatosha. Nywele zilizopandikizwa hupukutika katika wiki za mwanzo, huanza kurudi mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo hayapaswi kuhukumiwa kabla ya miezi 12. Wewe umepita hapo, kwa hiyo kile ambacho hakijaota, usikitarajie.

Kabla ya daktari wa upasuaji, mwone daktari bingwa wa ngozi. Hapa kwetu tuna bahati ambayo watu wa mikoa mingi hawana: Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichopo katika hospitali ya KCMC hapa Moshi tangu mwaka 1992, kimefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Unachokwenda kutafuta huko si kupandikizwa. Unakwenda kujua kama ngozi ya kichwa ina ugonjwa unaoua vinyweleo kwa ndani, ambao pengine unahitaji kukatwa kipande kidogo cha ngozi na kupimwa maabara, na pia kujua kama mwili wako una tabia ya keloidi, yaani makovu yanayoendelea kuvimba baada ya kidonda kupona. Kupanda juu ya ugonjwa ulio hai ni kupoteza vipandikizi, na kumtoboa mtu mwenye keloidi mara mia kadhaa ni kumtafutia maumivu ya miaka.

Baba Junior (Sakina, Arusha)

Shikamoo Tabibu, na pole sana ndugu yangu wa Njiro. Mimi nilirekebishwa miaka 3 iliyopita baada ya kuharibiwa mahali pengine, na ningependa kujibu swali la pili, kwa sababu ndilo lililonigharimu zaidi.

Daktari aliyenirekebisha alinikataa mara ya kwanza. Alinikalisha kwenye kiti, akapitisha kioo cha kukuzia kisogoni mwangu mstari kwa mstari, akihesabu vinyweleo katika kila sentimita ya mraba huku msaidizi akiandika, na kazi hiyo peke yake ilichukua karibu dakika 40. Alipomaliza aliniambia kwamba utosi wangu hautajaa kamwe, na kwamba nikitaka utosi na mbele kwa pamoja nitafute mtu mwingine. Nilitoka nimekasirika. Niliporudi baada ya miezi 5 alikubali kwa masharti: kwanza atoe vipandikizi 60 tu, avipande, kisha tusubiri tuone vingapi vimekuwa vizima na kama matundu ya kisogoni yatavimba. Tulisubiri miezi 8. Kazi yenyewe ilifanyika kwa awamu mbili, na kifaa cha kutobolea hakikutoka mkononi mwake hata mara moja. Wasaidizi walikuwa wakisafisha na kupanga vipandikizi ndani ya maji ya chumvi ya baridi.

Kwa hiyo muulize kila daktari maswali haya na umtake ajibu kwa maandishi: ni nani hasa atakayetoboa, ni nani atakayefungua matundu ya kupandia, anafanya wagonjwa wangapi kwa siku, na lini amewarekebisha watu wenye nywele zilizojikunja kama zako. Omba kuona picha za wagonjwa hao baada ya mwaka mmoja, kisogo kikiwa kimenyolewa, kwa mwanga uleule wa kabla na baada. Mimi niliomba pia kuzungumza na mgonjwa mmoja kwa simu, na yule bwana alinieleza hata mambo yasiyompendeza.

Kuhusu vyeti, jina la daktari lazima lipatikane kwenye baraza la nchi anayofanyia kazi, kama kwetu lilivyo Baraza la Madaktari Tanganyika. Kipo pia chama cha kimataifa cha madaktari wa kazi hii, ISHRS, kilichoanzishwa mwaka 1993, ambacho kinapiga vita kliniki zinazowaachia wasio madaktari kazi ya upasuaji. Uanachama peke yake haukuhakikishii mkono mzuri, lakini jina lisipoonekana popote, mimi ningeondoka.

Tofauti yangu na Tabibu ni ndogo. Sidhani kwamba Istanbul yote ni mbaya. Wapo madaktari wa pale wanaotoboa kwa mikono yao na wanaopokea mgonjwa mmoja kwa siku. Tatizo ni duka linalokodisha jina la daktari.

Mama Careen (Majengo, Moshi)

Naongeza kwa upande wetu wanawake. Mimi nilinyonyoka pembeni kwa sababu ya kusuka rasta za kubana tangu sekondari, na katikati ya utosi nywele zilikuwa zikipungua huku ngozi ikiwasha na kuungua. Nilikuwa nimekwishatafuta fedha za kupandikizwa. Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo cha utosini, na majibu yalionyesha ugonjwa unaogeuza vinyweleo kuwa kovu. Akanieleza kwamba pembeni panaweza kupandikizwa kwa sababu nimeacha kubana na hali imetulia, lakini utosini pasiguswe mpaka ugonjwa uzimwe kwa dawa na ukae kimya kwa muda mrefu. Ninawashukuru mno kwa kunizuia. Kaka wa Njiro, je, ngozi yako inawasha au inauma ukiigusa?

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Asanteni sana, nyote. Dada Careen, haiwashi, ila kuna sehemu mbili kisogoni ambazo ni ngumu nikizibonyeza kwa kidole, kila moja kama punje ya mchele. Kliniki ile nimeijibu leo kwamba siendi, na niliyekuwa nikiwasiliana naye ameshusha bei mara mbili ndani ya saa moja, jambo ambalo limenitosha. Nitashuka Moshi wiki ijayo. Tabibu, naomba kuuliza jambo moja la mwisho: nimekuwa nikitumia dawa za kupunguza upara, yaani kupaka minoksidili na kumeza finasteridi ya miligramu 1, tangu upasuaji. Niache kabla ya kuonwa?

Tabibu wa Ngozi (Moshi)

Usiache. Dawa hizo hazioteshi vipandikizi vilivyokufa, lakini zinasaidia kulinda nywele zako za asili zilizobaki katikati, na ukiziacha ghafla utapoteza hata zile zilizokuwa zikishikiliwa nazo, kisha daktari atashindwa kutofautisha uharibifu wa upasuaji na upara wenyewe unaoendelea. Mwambie tu kwamba unazitumia na tangu lini, na umweleze bila aibu kama umeona mabadiliko katika nguvu za kiume. Ukipimwa damu kwa ajili ya tezi dume miaka ijayo, taja finasteridi pia, kwa sababu hushusha kipimo hicho kwa takriban nusu na inaweza kumpotosha anayekisoma. Kama mkeo ni mjamzito au anatarajia kuwa, asishike vidonge vilivyovunjika.

Hizo punje ngumu mbili zionyeshe kabla ya kitu kingine chochote. Zinaweza kuwa vipandikizi vilivyosukumwa chini ya ngozi, na zinaweza kuwa mwanzo wa keloidi; tiba zake ni tofauti kabisa. Nenda bila kupaka mafuta siku hiyo, nywele zikiwa namba moja kama alivyosema ndugu yetu kinyozi, na uchukue karatasi yoyote uliyopewa kule, hata kama imeandikwa Kituruki.

Mkazi wa Njiro (Arusha)

Ninayo karatasi moja. Imeandikwa idadi ya vipandikizi, 2,650, na haina sahihi ya daktari. Nitakwenda nayo Jumanne.