Sauti ya mwimbaji (vokali) inayopanda na kushuka: kompresa moja, mbili mfululizo, au mkono?

Fundi_Chumbani (Mbagala)
Wakuu, habari za jioni. Nina dada mmoja namrekodi. Sauti anayo hasa, tatizo ubeti anaimba kama anamnong'oneza mtu, kiitikio anapaza kama anaita bajaji iliyompita. Kwenye mita ubeti unacheza desibeli -24, kiitikio kinafika -5 (ikikaribia sifuri ndiyo sauti kubwa). Nikiweka kizingiti cha kompresa juu, yaani kiwango ambacho kifaa hicho kinaanza kubana sauti, ubeti hauguswi kabisa. Nikikishusha hadi ubeti, kiitikio kinasikika kama anaimba ndani ya ndoo.

Jana nilimpa rafiki yangu wa daladala aupige wimbo kwenye gari. Ubeti umemezwa na injini, kiitikio abiria wakaomba apunguze.

Natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Nimesikia njia tatu: kompresa moja iliyosetiwa vizuri, kompresa mbili zinazofuatana, au kupandisha na kushusha volumu kwa mkono kipande kwa kipande. Nianze na ipi? Ule ushauri wa "tumia masikio yako" nimeshaupata, asanteni.

Dada_Fada (Sinza)
Desibeli 19! Hiyo mpe kipanya kwanza, kompresa ije baadaye.

Piga hesabu. Kizingiti -24, resho 4 kwa 1. Kiitikio kimezidi kizingiti kwa desibeli 19, kompresa inaruhusu robo yake tu, yaani 4.75. Kwa hiyo imekishusha zaidi ya desibeli 14. Ndoo yako ndiyo hiyo.

Sasa kata vokali kwa sentensi kwenye pleilisti (pale FL inapopanga vipande vya wimbo). Ubeti upandishe 8, kiitikio kishushe 6. Umebaki na -16 na -11. Kompresa ya 3 kwa 1 yenye kizingiti -18 itashusha kiitikio desibeli 4 na ushee, ubeti 1 na kidogo, na tofauti inayobaki haifiki 2. Kiitikio bado kina uhai.

Na tafadhali usifanye hivyo kwenye fada ya miksa (kitelezi cha volumu). Fada inakuja baada ya plagini (programu ndogo kama kompresa), kwa hiyo kompresa itakuwa imeshameza sauti ile ile mbaya. Fanya kwenye klipu yenyewe, au weka Fruity Balance, plagini ya volumu ya FL, nafasi ya kwanza juu ya kompresa, kisha chora otomesheni yake, yaani mstari wa kupandisha na kushusha volumu.

Mzee_wa_Utepe (Upanga)
Dada amesema kweli, ila kompresa mbili msizidharau. Ya kwanza iwe ya haraka, ikamate miruko tu. Ya pili iwe mvivu, ilainishe. Mtindo huu wengi wanaufanya kwa 1176 halafu LA-2A, kompresa mbili za zamani, na siku hizi plagini za kuiga mashine hizo zimejaa.

1176 aliitengeneza fundi sauti Mmarekani Bill Putnam, ikatoka 1967. Ataki yake (muda wa kuanza kubana) inaanzia sehemu 20 za milioni za sekunde moja, yaani neno halijamaliza kutoka mdomoni limeshashikwa. LA-2A ndani yake kuna taa na kipande kinachohisi mwanga: sauti ikiongezeka taa inawaka zaidi, mwanga unabana sauti. Nusu ya kubana inaachia ndani ya milisekunde 60 hivi, iliyobaki inajivuta hadi sekunde kadhaa. Ina nobu kubwa mbili tu, ndiyo maana wazee tunaipenda.

Angalizo kwa vijana: kwenye 1176 nobu za ataki na rilisi (muda wa kuachia) ziko kinyume. 7 ndiyo haraka kabisa, 1 ndiyo taratibu. Nimeshamwona mtu akisifia "ataki ya taratibu" wiki nzima huku ameiweka 7.

Kasi_ya_Mtaa (Tandale)
Mzee shikamoo. Hiyo mvivu yako ije singeli tuone. Biti ya 240 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 250. Kompresa inayojivuta sekunde nzima imepitwa na mapigo manne, kwa hiyo haiachii kamwe, emsii anabaki amelala pale pale mwanzo mwisho. Mimi naweka moja tu, ataki milisekunde 3, rilisi 60, limita (inayozuia sauti isivuke kikomo) mwishoni, nimemaliza. Kukata sentensi kwa sentensi? Yule jamaa hapumui, nitakata wapi?

Mzee_wa_Utepe
Marahaba. Kwa singeli nakubali, sibishani. Dada wa Mbagala lakini hakimbizwi na mtu.

Dada_Fada
Kasi yuko sahihi kuhusu rilisi, na hata kwenye wimbo wa taratibu inatuhusu. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akiimba "nyumbani", "mba" ndiyo inayogonga kompresa. Rilisi ikiwa ndefu, "ni" inatoka wakati kompresa bado imebana, na mwimbaji mwenyewe hapo tayari ameishusha sauti. Msikilizaji anapata "nyumba". Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatumia waimbaji wa Kiingereza, ukiiga namba zao unakula silabi za mwisho wimbo mzima. Fundi, rudia mstari mmoja, zungusha rilisi taratibu kuanzia milisekunde 300 kushuka hadi silabi ya mwisho irudi. Kwangu huwa inarudi kati ya 80 na 150.

Kimara_Studio
Mbona hakuna anayetaja maiki? Umbali ukizidishwa mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6, chumba kikiwa hakirudishi mwangwi sana. Ubeti asimame kiganja kimoja, kiitikio viwili. Bure kabisa.

Fundi_Chumbani
Wakuu nimerudi. Nimekata kwa sentensi kama Dada alivyosema. Lisaa limepita umeme ukakatika, sikuwa nimesevu, nikaanza upya. Kisha kompresa moja, 3 kwa 1, rilisi 110. Daladala imekubali: ubeti unasikika hata gari ikipanda kilima, kiitikio hakichomi. Kompresa mbili nilijaribu pia, Mzee, ni laini kweli, ila baada ya kukata sikuona ya pili inafanya kazi gani, mita yake inatikisika tu.

Shida mpya: pumzi zake sasa zinasikika kama amepanda ghorofa ya nane. Na ubetini kuna mvumo fulani hivi nyuma.

Dada_Fada
Pumzi zikate peke yake, zishushe 6 hadi 8, usizifute zote. Mvumo ni feni. Ulipopandisha ubeti desibeli 8 na yenyewe umeipandisha 8. Rekodi ubeti upya, feni imezimwa.

Fundi_Chumbani
Feni nizime? Chumba cha bati, Mbagala, Februari hii?