Boti ya zamani ya mbao, msimu mmoja: Lamu, Pemba, au Mafia na Kilwa?

Mwambao_K (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Familia imetukabidhi boti ya zamani iliyoko Kilifi: futi 45, mbao tupu, ilijengwa Uingereza miaka ya 1960, injini ni Gardner ya silinda sita. Fundi amekagua mkuku (uti wa chini wa boti) na mataruma (mbavu zake), viko imara. Tunataka kuishi ndani yake Oktoba hadi Machi, mimi, mke wangu na watoto wawili. Hatuna haraka, ikienda maili 7 za baharini kwa saa inatutosha. Tunapima njia tatu: kukaa visiwa vya Lamu, kushuka Tanga na kuvuka Pemba, au kufika mbali hadi Mafia na Kilwa. Ingekuwa ninyi mngekwenda wapi?

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, kabla hujafungua ramani uliza mkondo. Huku kwetu, kutoka Mtwara hadi Malindi, mkondo wa pwani huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, hufika hata maili 4 kwa saa. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikishika, mkondo hulegea mpaka maili moja au chini yake.

Sasa piga hesabu. Tuseme injini inakunywa lita 12 kwa saa. Mombasa hadi Tanga ni kama maili 70. Bila mkondo ni saa 10, lita 120. Mkondo ukikupinga kwa maili 3, unabakiwa na mwendo wa maili 4 tu. Hapo ni saa 17 na nusu, lita 210, na giza linakukuta nje ya mwamba. Kwa hiyo kushuka kusini ni Desemba hadi Februari, upepo ukiwa tezi, yaani nyuma yenu. Kurudi ngoja tanga mbili za mwezi Machi, upepo unapogeuka, kabla masika hayajakaza; upepo umelegea na mkondo unakusukuma. Wazee wa majahazi waliishi kwa kalenda hii, na boti nzito kama yako haina nguvu ya kuikaidi.

MtotoWaShela
Lamu, bila kusita. Lamu, Manda na Pate vinakukinga na bahari kuu, watoto wanaogelea kila siku, na ukitaka mji, Lamu yenyewe hiyo hapo, urithi wa dunia tangu 2001. Kutoka Mombasa ni kama maili 130, na mkondo uko upande wenu. Ila msiuchezee mlango wa Mkanda: pita maji yakijaa, si vinginevyo. Na mkitaka kuvuka Pate kuelekea Kiwayu, waulizeni kwanza walinzi wa pwani hali ya usalama ya wiki hiyo.

Mwambao_K
Ahsante sana. Mzee, ina maana Oktoba tusiguse Pemba?

Nahodha_Mstaafu
Oktoba mwishoni hadi Novemba bahari hutulia, waweza kuvuka. Bado mkondo utaupanda, basi beba dizeli ya ziada.

BintiWete
Na mimi niseme, kwa sababu Pemba watu huipita wakikimbilia Unguja, na inaniuma. Upande wa magharibi una visiwa vidogo, Njao, Fundo, Misali, na ndani yake maji yametulia kama ya hori. Mikoko, mikarafuu ikishuka mpaka karibu na maji, wavuvi wanaopita na samaki asubuhi. Kwa boti ya mwendo wa pole hakuna mahali pazuri zaidi, maana kutoka nanga moja hadi nyingine ni saa moja au mbili.

Tatizo ni mlangobahari ulio kati ya Tanga na Pemba. Kina chake kinapita mita 800, na kaskazi kali ikivuma dhidi ya maji yanayokwenda kaskazini, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama. Boti ya zamani yenye tumbo la mviringo italala ubavu huu na huu, na watoto watatapika. Kaka, ng'oeni nanga Tanga saa 12 alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka. Ni kama maili 35, mtafika kwenye saa 6 mchana. Ingieni mlango jua likiwa juu au limeanza kuwa nyuma yenu, mwamba utauona kwa rangi ya maji. Taratibu za kuingia Tanzania mzimalize Tanga, kisha Pemba mripoti bandari ya Mkoani. Mnyororo wa nanga uwe mrefu: kina huanguka ghafla, na wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji hupanda karibu mita 4.

Kilindoni77
Wengine wote wanasema kweli, lakini msimu mzima bila Kilwa? Papa potwe huonekana magharibi mwa Mafia kati ya Oktoba na Machi, na upande huo umekingika na kaskazi. Kutoka hapo ni kama maili 60 hadi Kilwa Masoko. Watoto wasimame ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331. Hilo hawatalisahau.

FundiMatondoni
Mnasahau boti. Mbao za Uingereza zikikutana na jua letu, sitaha hufunguka viungo. Imwagieni maji ya bahari asubuhi na jioni. Maji ya mvua ndiyo huozesha, hasa yakituama chini ya sitaha, basi madirisha yawe wazi ndani ipate hewa. Chini ya maji hatari ni wadudu wanaotoboa mbao: rangi ya kuzuia isikwaruzwe popote. Kila bamvua mnaweza kuipandisha mchangani na kuikagua maji yakipwa, mkiwa na magogo ya kuiegemeza. Kalafati, yaani kuziba viungo kwa pamba, mafundi wa Lamu na Nungwi wanaijua. Kilwa ni mbali na mafundi hao, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kumpinga Kilindoni77 kwa msimu wa kwanza.

Kilindoni77
Fundi, mafundi wa mbao wako hata Mafia.

FundiMatondoni
Wapo, na ni hodari. Lakini atajuaje viungo vinavuja wapi kabla hajaishi na boti hata miezi miwili?

Mwambao_K
Tumekaa na mke wangu jana usiku. Oktoba na Novemba Lamu, boti ituzoee na sisi tuizoee, fundi akiwa karibu. Januari tunashuka na kaskazi, Tanga kisha Pemba, turudi Machi. Kilwa tumeiachia msimu ujao. BintiWete, huko Njao dizeli tunaipata wapi?

BintiWete
Njao hakuna. Jazeni Tanga mpaka juu, nyingine mtaagiza Wete kwa mapipa, na muwe na kichujio kizuri.