MREJESHO: Harrier iliyonoki injini Mbeya imefika Dar

Wakuu, niliomba ushauri wa kuitoa gari yangu, Toyota Harrier, Mbeya kuileta Dar baada ya injini kunoki (kufa). Imefika, ahsanteni sana.

Nilitafuta lori linalorudi tupu kutoka Tunduma kama mlivyonishauri. Bei ikawa nafuu kuliko bredauni (gari la kubeba magari mabovu). Wazo la kuivuta kwa kamba nililitupa. Gari ni otomatiki: ukiivuta injini imezimwa, oili haizunguki, gia boksi inaungua. Na mteremko ule mkali wa Kitonga njiani, injini ikiwa imezimwa breki zenyewe hazina nguvu!

Aliyesema kuna kifuniko kidogo kando ya gia, Mungu akubariki. Betri ilishakufa, gia imegoma kutoka P (ya kuegesha). Tukabonyeza humo kwa bisibisi, ikaingia N (gia huru), vijana wakaisukuma kutoka kwenye tuta la udongo lililolingana na lori hadi juu yake. Mikanda tulifunga kwenye matairi, haikusogea.

Kushusha ndiko kulikoharibu. Dar hatukupata tuta, ikatumika winchi, bampa la mbele likapasuka. Dereva akadai lilikuwa na ufa; nikamwonyesha picha nilizopiga kabla ya kupakia, akapunguza nauli kidogo. Bampa nanunua kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar. Injini iko kwa fundi.