Majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara): "sarkoma ya sinovia". Ni saratani ya goti?

Nesi_Zamu: Wakuu, naomba ufafanuzi. Binti wa miaka 24 alikuwa na uvimbe wa sentimita 6 kwenye paja, juu kidogo ya goti. Ulitolewa kwa ganzi ya sehemu ukidhaniwa ni wa mafuta, MRI haikupigwa. Majibu: "sarkoma ya sinovia, monofasiki, TLE1 chanya, kingo zina saratani" (monofasiki ni yenye aina moja ya chembe, TLE1 ni protini inayotafutwa kwenye chembe). Je, imeanzia kwenye goti? Kidonda kimefunga vizuri, tuendelee kumwangalia tu?

Hadubini: Jina linapotosha. Sarkoma hii ni saratani ya tishu laini. Wazee wa fani waliona chembe zake zinafanana na utando wa maungio (sinovia), wakaliita hivyo, likaganda. Haianzii kwenye utando huo. Hutokea hata shingoni au kwenye pafu. Kinachotokea ni kwamba kromosomu X na ya 18 hubadilishana vipande, jeni ya SS18 ikaungana na SSX, na protini ya mseto inayozaliwa huvuruga jeni nyingine. Hairithiwi, ndugu zake wasiogope.

TLE1 peke yake haitoshi, maana hata baadhi ya vimbe vya ala za neva (tabaka linalofunika neva) huionyesha. Uliza kama kipimo cha FISH cha SS18, kinachoonyesha kama jeni hiyo imekatika, kimefanyika. Kama bado, omba maabara bloku ya nta iliyohifadhi kinyama, si slaidi pekee. Kipimo hiki hukwama pale kinyama kiliposhindiliwa kwenye kichupa kidogo: fomalini ya asilimia 10 inatakiwa iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama.

Kisu_Taratibu: Nesi, usimwangalie tu! Kingo zikiwa na saratani, imebaki mguuni, hata ngozi ifunge vizuri namna gani. Uvimbe huu huonekana una ganda, ukauchomoa kama kokwa ya embe. Ganda lile ni chembe za saratani zilizobanana.

Sasa MRI ya paja lote, CT ya kifua kwa kuwa mapafu ndiko inakokimbilia kwanza, na tezi za kinena zipapaswe kwa makini. Kisha mpasuaji, mtu wa mionzi na wa patholojia wakae meza moja kabla ya kisu kingine. Upasuaji wa pili huondoa kovu lote, tundu la mrija uliowekwa kutoa damu ya kidonda na nyama yenye afya inayozunguka, vyote kwa kipande kimoja. Ndiyo maana uvimbe wowote ulio ndani ya misuli, au unaozidi sentimita 5, au unaokua, hupigwa picha kwanza, kisha huchukuliwa kinyama kwa sindano nene. Kovu liko wima au mlalo?

Mionzi_na_Dripu: Mionzi ikitangulia upasuaji ni grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 50 kwa vipindi 25, wiki 5, kisha hungojwa wiki 4 hadi 6 ndipo akatwe. Kidonda huchelewa kupona. Ikifuata baada ya upasuaji ni grei 60 hadi 66, na mguu hukakamaa zaidi. Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road wanatoa mionzi na dawa pia.

Wakiamua dawa za saratani, doksorubisini haianzi bila eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na ifosfamaidi haitolewi bila mesna, dawa inayolinda kibofu, na maji ya kutosha. La sivyo kibofu kitatoa damu. Akianza kusinzia au kuchanganyikiwa wakati dripu ya ifosfamaidi inapita, isimamishwe na daktari aitwe. Kwa umri wake, suala la uzazi lizungumzwe kabla ya dozi ya kwanza. Kifua kipimwe kila miezi 3 au 4 kwa miaka 2 hadi 3, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5, halafu kila mwaka. Hii huweza kurudi hata baada ya miaka 5.

Nesi_Zamu: Asanteni sana. Kovu ni la mlalo, na mrija ulitobolewa pembeni, kama sentimita 4 kutoka kwenye kovu.

Kisu_Taratibu: Hapo ngozi nyingi itaondoka, wamwite na mpasuaji wa kurekebisha maumbile. Lipige picha kovu pamoja na tundu leo, rula ikiwa kando, kabla alama hazijafifia. Siku ya MRI, mwambie fundi abandike kidonge cha mafuta cha vitamini E juu ya kila kimoja. Kitang'aa kwenye picha.