Naomba ushauri: wafanyabiashara wa kale waliwarudishaje wateja?

Mama Nyuki: Habari zenu wakuu. Nauza asali, naifuata Sikonge na kuipakia kwenye chupa hapa Dodoma. Watu wananunua, wanaisifu, halafu kimya. Juzi nimekutana na mteja sokoni kashika chupa ya mtu mwingine, akaniambia, "Dada, nilidhani ni yako." Chupa zangu hazina alama yoyote. Iliniuma. Watu wa kale, wasio na simu wala redio, walifanyaje mteja arudi?

Msomaji wa Usiku: Dada, jibu umelitaja mwenyewe: alama. Pompeii, mji wa Warumi wa kale huko Italia, kabla haijafukiwa na volkano mwaka 79, alikuwepo Aulus Umbricius Scaurus, muuzaji wa garum, mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Vyombo vyake viliandikwa kwa wino: samaki gani, daraja gani, na kwamba umetoka karakana ya Scaurus. Hata sakafuni nyumbani kwake alichoresha vyombo vinne vya mchuzi huo kwa vijiwe vyeusi na vyeupe, pamoja na maandishi yake. Mgeni akiingia tu, anasoma.

Muuza Duka: Si kale sana kama Pompeii, lakini Jinan, China, enzi ya Song (960–1279), palikuwa na duka la sindano la ukoo wa Liu. Bamba la shaba walilochapia tangazo lipo hadi leo: sungura mweupe na mchi wake, na mteja anaambiwa amtambue sungura huyo mbele ya duka. Anayechukua mzigo akauze, anaongezewa. Nyongeza ile ile tunayodai kwa muuza nyanya!

Bi Mkweli: Alama bila mali safi ni hasara. Mjini Ur, Iraq ya leo, karibu mwaka 1750 KK, mteja aitwaye Nanni alimlalamikia muuza shaba Ea-nasir kwenye kibao cha udongo. Mjumbe wa Nanni alionyeshwa shaba mbovu, akaambiwa ukitaka chukua, hutaki nenda zako. Nanni akasema tangu sasa atachagua kipande kimoja kimoja uani kwake. Mteja wa hivyo hata akirudi, anarudi kukukagua. Asali ikiwa nyepesi, mwambie kabla hajalipa.

Mama Nyuki: Asanteni sana. Kesho naenda kwa mchapaji. Nitaandika Sikonge na mwezi iliporinwa, nyepesi nitaitenga kwa bei yake. Nyuki kila mtu anamchora. Mimi nataka mzinga wa gome, ule unaotundikwa mtini.