Kufungua kwari ndogo Njiru: leseni ya mazingira inaanzia wapi?

kijana_wa_njiru

Wadau habari zenu. Naomba mtu ambaye amepitia hii kitu mwenyewe anisaidie, za kusikia nimeshapata nyingi.

Mzee wetu ana shamba huku Njiru, Nairobi, linashuka mpaka mtoni. Sehemu ya juu tunalima kidogo lakini ile ya chini huwezi, ukipiga jembe ni mwamba tu, juu lile jiwe la kijivu la kuchonga la kujengea, na ukienda chini unapata lile jeusi gumu la kokoto. Mimi na ndugu zangu pamoja na vijana wengine wa mtaa ambao wamekaa tu bila kazi tunataka kufungua kwari ndogo, yaani machimbo ya mawe, kompresa moja, mashine ya kukata mawe, wengine wafanye na nyundo na tindo, tuuze kwa tipa. Soko liko, kila ukiangalia huku ni ploti inajengwa.

Sasa jirani mmoja hapo mbele alifungiwa juzi, maafisa walikuja wakabeba mashine wakamwambia hana karatasi ya mazingira. Mwingine ananiambia kwari ndogo haihitaji NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, unalipa tu sesi ya kaunti kwa kila lori na umemaliza. Halafu kuna broker amenitajia bei ya kuniletea leseni "ikiwa imeshasainiwa", bila mtu yeyote kufika shambani. Hiyo ya mwisho roho yangu inaikataa kabisa.

Kwa hivyo nauliza, kwari ndogo kama hii inahitaji leseni ya mazingira kweli? Kama inahitaji naanzia wapi, na ni karatasi gani zingine? Bado hatujachimba hata jiwe moja.

mtathmini_eastlands

Bro umeuliza wakati mzuri, kabla ya kuchimba. Mimi kazi yangu ni hizi ripoti kwa hivyo nitakueleza taratibu.

Jibu fupi ni ndio, inahitaji. Sheria ya mazingira ya 1999, ile watu huita EMCA, ina jedwali la pili linaloorodhesha miradi ambayo lazima ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na uchimbaji wa mawe umo humo. Hilo jedwali lilipangwa upya 2019, miradi ikagawanywa kwa hatari, ndogo, ya kati na kubwa. Udogo wa kwari unaweza kukupunguzia ukubwa wa ripoti lakini haukutoi kwenye sheria. Na usijipangie daraja mwenyewe, kwa sababu shamba linaloshuka mtoni na lenye nyumba karibu haliangaliwi sawa na lile liko katikati ya uwanda ambapo hakuna mtu.

Sesi ya kaunti ni ushuru. Risiti yake inaonyesha umelipia mawe yaliyopita barabarani, haisemi popote kwamba umeruhusiwa kuchimba. Jirani yako pengine alikuwa na kitabu kizima cha hizo risiti na bado mashine ikaenda.

Unaanzia kwa mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Hao wana leseni ya kazi inayotolewa kila mwaka, kwa hivyo mwulize ya mwaka huu na uhakikishe jina lake liko kwenye orodha yao. Kama hujui pa kuuliza nenda Popo Road, South C, kwenye makao makuu. Yeye ndiye anakuja shambani, anapima umbali kutoka mtoni na kutoka nyumba za watu, anaangalia maji ya mvua yanaelekea wapi, anaongea na majirani, halafu anaandika ripoti ya mradi. Ndani yake lazima kuwe na mpango wa kusimamia mazingira, yaani vumbi utalizuia vipi, udongo wa juu utauweka wapi, kelele saa ngapi, na shimo utalifanya nini ukimaliza. NEMA wakiona madhara ni makubwa wanaweza kudai utafiti kamili, wakiona yanadhibitika wanatoa leseni yenye masharti.

Huyo broker achana naye. Ripoti ambayo mtaalamu hakufika shambani itaandikwa kwa kunakili ya mtu mwingine, utakuta imetaja msitu ambao hauko na haijataja mto ambao uko. Siku afisa akija kukagua na hiyo ripoti mkononi, jina lililo kwenye leseni ni la mzee wako. Broker hayupo hapo.

fundi_wa_kwari

Naongezea hapo kwa mtathmini. Nimefanya hii biashara ya mawe, kwanza kule Ndarugo upande wa Juja, sai niko huku Katani. Kitu watu wengi hawajui ni kwamba hati ya shamba haikupi yale mawe. Sheria ya madini ya 2016 inasema madini ni ya taifa hata yakiwa chini ya shamba lako, na mawe ya ujenzi, mchanga na kokoto vyote vimehesabiwa kama madini ya ujenzi. Kwa hivyo ukiacha NEMA kuna kibali cha uchimbaji pia. Kama mnatumia mikono na vifaa vya kawaida kuna kibali cha wachimbaji wadogo wadogo, ni cha raia wa Kenya peke yake na hakizidi miaka 3 kabla ya kukiombea tena. Mkiingiza mashine mnaweza kuhitaji kile cha juu yake, hiyo uliza mapema kwa sababu kompresa inabadilisha mambo. Watu wa madini watakuuliza leseni ya mazingira, kwa hivyo huwezi kuruka NEMA ukitarajia kurudi baadaye.

Alafu kaunti wana yao. Shamba lenu nadhani limeandikwa la kilimo au la makazi, kulichimba mawe ni kubadilisha matumizi ya ardhi na hiyo inaombewa idara ya mipango. Kama mzee ndiye mwenye hati, barua yake ya kuwaruhusu iandikwe vizuri, na kama ni shamba la familia nzima wakae wote chini kabla ya jiwe la kwanza kuuzwa, maana nimeona ndugu wakipelekana kortini kwa sababu ya kwari kuliko kitu kingine chochote.

Mimi ningekushauri pia msiagize mashine ya kukata kwanza. Watu huchukua mkopo wa mashine, mashine inakaa chini ya turubai ikingoja karatasi na benki haingoji, mwisho wanachimba usiku. Karatasi kwanza.

mama_wa_kayole

Mimi niongee kama jirani wa kwari kwa sababu naona hapa mnaongea za leseni tu.

Nyumbani kwetu tunaishi kando ya kwari. Dirisha hatufungui mchana. Ukianika nguo asubuhi jioni unatoa nguo nyeupe ya vumbi hata kama ilikuwa nyeusi. Ukuta wa chumba cha watoto una ufa kutoka juu mpaka chini na ulianza walipoanza kulipua, tukienda kuuliza tunaambiwa nyumba ilijengwa vibaya. Hatukuwahi kuitwa kwa baraza lolote. Siku moja tu lori zilianza kupita.

Na hiyo ni wakati inafanya kazi. Ikifa ndio mbaya zaidi, mwenye kwari anaondoka, shimo linabaki, mvua ya masika inalijaza maji na watoto wanaenda kuogelea huko kwa sababu hawana mahali pengine pa kuchezea. Kila mtu anayeishi huku Eastlands amesikia mtoto aliyezama kwa shimo la kwari. Msichukulie hiyo kama kitu kidogo cha kuandikwa mstari mmoja mwisho wa ripoti.

Dampo la Dandora lenyewe lilianzia kwenye shimo la kwari ya zamani, miaka ya sabini, na angalia hao watu wanapumua nini mpaka leo. Shimo likiachwa wazi hapa Nairobi litapata mwenyewe wa kulijaza na hutapenda anachojaza.

Kijana, simchukii mtu anayetafuta kazi. Lakini kabla uniambie utaajiri vijana wangapi niambie hilo shimo litakuwa nini.

kijana_wa_njiru

Asanteni sana wote. Mama, nimesoma yako mara mbili na nimemsomea mzee, amenyamaza kwa muda kisha akasema huyu mama anasema ukweli. Pole kwa huo ukuta.

Nina maswali mawili. La kwanza, hilo jiwe jeusi la chini tunaambiwa haliwezi kutoka bila baruti. Je hiyo iko kwenye leseni hiyo hiyo ya NEMA ama ni kitu tofauti? La pili ni hilo la shimo, kuna mahali hapa Kenya kwari iligeuzwa ikawa kitu kizuri, ama ni maneno tu ya kuandika kwa ripoti?

mtathmini_eastlands

Nianze na baruti. Hiyo ina sheria yake kabisa, sheria ya vilipuzi, na anayelipua lazima awe na leseni yake mwenyewe, na kununua, kusafirisha na kuweka hizo baruti kila moja ina kibali. Usikubali mtu akuletee baruti kwa begi. Na upande wa mazingira, kanuni za kelele na mtetemo za 2009 zinasema mtetemo usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde ukishavuka mpaka wa ploti yako. Hiyo inapimwa kwa kifaa. Kwa hivyo ufa kama wa mama wa Kayole hauishii kwa kubishana nani alijenga vibaya, mtu anaweza kudai vipimo vya siku ya kulipua vitolewe.

Kama ningekuwa mimi ningeandika kwenye ripoti kwamba mnachimba lile jiwe la kijivu la kuchonga peke yake, na lile jeusi mnaliacha. La kijivu ni majivu ya volkano yaliyoshikana, ni laini kiasi, mashine na tindo zinalitosha, na nusu ya Nairobi imejengwa nalo. Mkiondoa baruti kwenye mradi mnaondoa hofu kubwa ya majirani, na gharama pia. Pesa ya kokoto inavutia lakini na nyumba zilivyosogea huko Njiru mimi singelipua.

Mto nao. Kingo za mto haziguswi, sheria za maji zinaanzia mita 6 na zinaweza kufika 30 kila upande kutegemea upana wa mto. Nyinyi wekeni 30 moja kwa moja. Mkichimba karibu zaidi mto ukifurika unaingia kwenye kwari, na tope lenu lote linaenda kwa watu wa chini wanaomwagilia mboga.

Kuhusu shimo, iko. Nenda Mombasa, Bamburi, pale panaitwa Haller Park. Hiyo ilikuwa kwari ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe kabisa lenye maji ya chumvi chumvi chini. Mwaka 1971 wakaanza kupanda miti, mingi ikafa, mvinje ndio ikashika. Lakini majani ya mvinje yalikuwa yanaanguka na hayaozi, basi wakaleta majongoo wakayala na kinyesi chao kikaanza kutengeneza udongo. Leo ni msitu, kuna samaki, twiga, watu wanalipa kuingia. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa yenye pesa, sitakudanganya, lakini kitu cha kwanza ambacho hata kwari ndogo inaweza ni kuhifadhi ule udongo wa juu. Wengi wanautupa au wanauza siku ya kwanza. Uwekeni pembeni, mpande nyasi juu yake usibebwe na mvua, na mchimbe kwa vipande, mkimaliza kipande hiki mnakijaza na vifusi na udongo kabla ya kufungua kingine. Hapo shimo halifiki ukubwa wa kumeza mtoto. Kuta zake muzikate ngazi ngazi, msiache mwamba wima.

Na kumbuka leseni haiishii siku ukiipata. Kila mwaka kuna ukaguzi wa mazingira mnaopaswa kuufanya na kupeleka NEMA, na usipoanza kazi ndani ya miezi 24 ile leseni inakufa.

fundi_wa_kwari

Na wafanyakazi msiwasahau, hiyo mashine ya kukata ikikata kavu vumbi lake ni laini kama unga, likiingia kifuani halitoki. Kata na maji. Barakoa za hospitali hazisaidii kitu hapo, nunueni zile za vumbi. Nimefanya kazi na wazee wa nyundo ambao sai hawawezi kupanda ngazi bila kupumzika, na hakuna aliyewaambia walipokuwa vijana.

mama_wa_kayole

Huyu mtathmini ameongea vizuri. Na kwa wengine wanaosoma hapa ambao ni majirani kama mimi, mjue leseni ikitolewa na hamkubaliani nayo mna siku 60 za kukata rufaa kwa mahakama maalum ya mazingira ile inaitwa NET. Tena Katiba kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi bila hata kuonyesha kwamba umepata hasara wewe binafsi. Sisi tulijua hayo tukiwa tumechelewa sana.

kijana_wa_njiru

Sawa wakubwa. Tumekaa na mzee na ndugu zangu jana. Baruti tumeiacha, tutachimba la kijivu tu. Upande wa mto mzee mwenyewe amesema mita 30 zipandwe miti hata kabla kwari haijafunguliwa. Broker nimemwambia asinipigie tena. Jumatatu tunaenda South C kuuliza orodha ya wataalamu.

Moja ya mwisho, kuongea na majirani tuanze sisi ama tungoje mtaalamu ndio aitishe?

mtathmini_eastlands

Baraza rasmi aitishe yeye, ataongea na chifu na kuchukua sahihi na maoni ya watu. Lakini nyinyi piteni nyumba kwa nyumba kabla yake, mkiwa na mzee, na muanze na ile nyumba iliyo karibu zaidi na mwamba. Bebeni mchoro, hata wa kalamu, unaoonyesha mtaanzia wapi, lori zitapita njia gani na mtafunga saa ngapi jioni. Wakisema lori zisipite mbele ya shule, hiyo iandikeni hapo hapo mbele yao na mumpe mtaalamu aiweke kwa ripoti, kwa sababu ikishaingia huko inaweza kuwa sharti la leseni na hata wewe hutaweza kuibadilisha.

mama_wa_kayole

Na muweke ua kuzunguka siku ya kwanza, kabla ya mashine.